Jinsi ya kusoma homoni za mmea ukiwa kwenye stresi: tafuta breki iko wapi

Niliwahi kuwa na miche ya nyanya kitaluni, mvua ikanyesha sana maji yakatuama siku mbili, asubuhi ya tatu nakuta majani yote yameinama yanaangalia chini. Nikasema hii ina kiu, maana jani lililoinama si ndo kiu, nikamwagilia tena. Nusu ya miche ikafa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ishara niliiona kwa macho yangu kabisa nikaisoma kinyume, ule haukuwa ukame hata kidogo, ilikuwa ethilini (homoni ya mmea ambayo ni gesi) inafanya kazi yake na mi nikaongeza tatizo juu ya tatizo.

Tangu hapo nafuatilia sana hii habari ya homoni za mimea, hasa zinavyoendeshwa wakati mmea uko kwenye shida, iwe ukame, maji kutuama, wadudu au magonjwa. Hapa naeleza njia ninayotumia mwenyewe kusoma homoni yoyote, na ndani yake kuna majaribio mawili unayoweza kufanya bila maabara ya maana. Kama unasoma kilimo au baiolojia itakufaa, kama unalima tu itakufaa pia. Naomba tu usiruke sehemu ya ABA hata kama ni ndefu, ukiielewa hiyo zingine zinakuja zenyewe.

Kwanza acha kukariri

Wengi wetu tulifundishwa kwa kukariri: ABA ya ukame, ethilini ya kuivisha, jibereli ya kurefusha, oksini ya mizizi, basi. Ukikaa na hiyo orodha kichwani utakwama mapema sana, kwa sababu homoni ileile moja inaweza kuleta matokeo mawili yanayopingana kabisa kwenye aina mbili za zao moja (mfano wa mpunga nautoa chini, ni mzuri mno), na pia mmea unaweza kuwa umejaa homoni tele na bado usifanye chochote. Wingi peke yake haukuambii kitu. Cha kuangalia ni kama ishara inapita au imezuiwa.

Na hapo ndo kuna siri yenyewe. Homoni nyingi kubwa za mimea zinafanya kazi kwa mtindo unaofanana: mashine ya kufanya kazi ipo tayari muda wote, ila kuna protini imeikalia kama breki, homoni ikifika inasababisha breki itoke, mashine inaanza. Kwa hiyo mmea hausubiri kujenga kila kitu upya shida ikija, unaachia tu breki, ndo maana unaweza kuitikia ndani ya dakika chache.

Sasa chukua karatasi, na kwa kila homoni jiulize inatengenezwa wapi na hatua gani ndo inaamua kasi ya kuitengeneza, inasafirije, nani anaipokea, breki ni nani na inaondolewaje, halafu ikishamaliza kazi inazimwa na nini. Hilo la mwisho watu wanaliruka na mi naliona ndo zito kuliko yote, manake mmea usioweza kuzima ishara ya stresi unaendelea kufunga stomata (vile vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke), haujitengenezei chakula, haukui, hata maji yakiwa yamerudi tele.

Fanya na ABA mpaka mwisho

ABA ni kifupi cha asidi ya absisiki. Udongo ukianza kukauka, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali) kinachoitwa NCED kinaongezeka, na hiki ndo kinachoamua kasi ya kutengeneza ABA. Kwenye majani ya mmea ulio kwenye ukame ABA inaweza kupanda hadi mara 50. Ila kutengeneza upya sio njia pekee, kuna akiba pia, ABA iliyofungwa na sukari ambayo haifanyi kazi, ikihitajika sukari inakatwa na ABA inakuwa huru palepale. Na kuna kitu kingine nilipokisoma nilikisoma mara mbili mbili: mmea ukianza kukaukiwa, maji yanayopanda kwenye mishipa yake yanapungua uasidi, na hali hiyo inafanya ABA isinywewe sana na seli za kati za jani, inapita moja kwa moja mpaka kwenye stomata. Yani kiasi kinaweza kuwa kilekile, kilichobadilika ni njia tu, na stomata zinafunga.

Na habari zinatokaje mizizini kwenda juu? Zamani ilidhaniwa ABA yenyewe ndo inasafiri kutoka mizizi kavu, na kweli kiasi fulani kinasafiri, lakini mwaka 2018 watafiti walionyesha kwenye Arabidopsis, ule mmea mdogo wa maabara, kwamba mizizi inatuma kipande kidogo cha protini kinachoitwa CLE25, kikifika kwenye jani kinawasha NCED hukohuko. Kwa hiyo mzizi unatuma ujumbe, jani linatengeneza ABA lenyewe.

Sasa breki. Vipokezi vya ABA (PYR/PYL, Arabidopsis ina 14) vilitambuliwa mwaka 2009, baada ya miaka mingi ya kutafuta na kupotea njia. Kazi iko hivi. Kuna kimeng'enya SnRK2, hiki ndo mfanyakazi, kinabandika fosfeti kwenye protini zingine na kuziwasha. Kuna PP2C, hii ndo breki, inaibandua fosfeti ya SnRK2 muda wote ili asifanye kazi. ABA ikiingia kwenye kipokezi, kipokezi kinabadilika umbo, kinaenda kuikamata PP2C. Breki imeshikwa, SnRK2 yuko huru. Anaenda kwenye seli linzi zilizozunguka tundu la stomata, anafungua mlango unaoitwa SLAC1, chembe zenye chaji hasi zinatoka nje, potasiamu inafuata, maji yanafuata potasiamu, seli linzi zinalegea, tundu linajifunga. Wakati huohuo ndani ya kiini cha seli SnRK2 anawasha jeni za kuvumilia ukame, ila hizo zinachukua muda mrefu zaidi.

Ushahidi kwamba breki ndo mpango mzima? Kuna mimea ya Arabidopsis inaitwa abi1-1, PP2C yake moja ina kasoro ndogo inayofanya kipokezi kishindwe kuikamata. Mmea huo una ABA, una vipokezi, ila breki haishikiki, unanyauka kirahisi kabisa. Linganisha na nyanya za aina ya flacca na sitiens, zenyewe zinanyauka kwa sababu haziwezi kutengeneza ABA ya kutosha. Ukizitazama kwa nje zinafanana, ila chanzo cha tatizo ni tofauti. Za nyanya ukizipulizia ABA zinapona, ile abi1-1 hata uipulizie haitakusikia.

Na kuzima: kuna vimeng'enya vya familia ya CYP707A vinaivunja ABA, unyevu ukirudi vinaongezeka. Halafu kuna ufundi mwingine hapo, jeni zinazowashwa na ABA ni pamoja na jeni za kutengeneza PP2C. Umeona? Ishara yenyewe inaagiza breki mpya. Utakutana na hiki kitu kwenye jasmoneti (homoni ya ulinzi dhidi ya wadudu) pia, kwa hiyo kiweke kwenye karatasi yako.

Jaribio la kwanza: ona breki ikiachia

Panda kunde kwenye viriba kama nane, udongo uleule, mwanga uleule. Nachagua kunde kwa sababu inawahi sana kufunga stomata ukame ukianza na jani lake halina vinyweleo vingi vya kukusumbua. Zikifikisha majani matatu manne ya kweli, nusu endelea kumwagilia, nusu acha.

Kila siku, na iwe saa ileile kabisa, mi napenda saa nne asubuhi, chukua jani la umri uleule, paka upande wa chini rangi ya kucha ya wazi safu nyembamba, iache ikauke vizuri, bandika selotepu juu yake, bandua taratibu, ubandike kwenye kioo cha hadubini. Kwa ukuzaji wa mara 400 utaona stomata zimejichora. Hesabu 50 kwa kila jani, ngapi ziko wazi ngapi zimefunga, andika. Ukibadilisha saa au ukafanya siku moja kuna jua siku nyingine kuna wingu zito umeharibu jaribio, kwa sababu mwanga nao unafungua stomata kwa njia yake. Na usiamini jani moja, alama nyingine inachukua ukingo wa nje tu wa tundu, ndo maana tunahesabu nyingi.

Utakachokiona, na hiki ndo kilinifanya niipende hii kazi, stomata zinaanza kufunga siku ambayo jani bado linaonekana zima kabisa. Ukisubiri mpaka uone kunyauka umechelewa, mmea ulishajua siku kadhaa nyuma na ulishapunguza kula.

Ethilini, hapa kipokezi chenyewe ndo breki

Ukija kwenye ethilini geuza akili kidogo. Vipokezi vyake, cha kwanza kinaitwa ETR1, vinafanya kazi wakati ethilini HAIPO. Vikiwa vitupu vinashirikiana na protini CTR1 kuzuia ishara. Ethilini ikiingia vinanyamaza, CTR1 inalala, protini EIN2 inapitisha ishara mpaka protini EIN3 inawasha jeni. Kwa hiyo ukiharibu kipokezi kisiweze kushika ethilini, haupati mmea uliowashwa, unapata mmea kiziwi. Nyanya za aina ya Never-ripe ziko hivyo, kipokezi kimeharibika hakinyamazi, tunda haliivi vizuri. Mara ya kwanza hii inachanganya watu wengi, rudia kuichora mpaka ikae.

Sasa turudi kwenye miche yangu. Ethilini inatokana na kitu kinaitwa ACC, na kuigeuza ACC kuwa ethilini kunahitaji oksijeni. Mizizi ikifunikwa na maji oksijeni inaisha, kwa hiyo mizizi inatengeneza ACC nyingi halafu inashindwa kuimalizia. ACC inapanda na maji mpaka kwenye majani, huko oksijeni ipo, inageuka ethilini, seli za upande wa juu wa kikonyo cha jani zinarefuka kuliko za chini, kikonyo kinapinda, jani linaangalia chini. Ndo nilichokiona. Jinsi ya kutofautisha na kiu ni rahisi, shika jani lenyewe: jani lenye kiu ni teketeke, limelegea lote pamoja na bapa lake (ile sehemu pana). Jani la ethilini kikonyo kimepinda ila bapa ni gumu, limejaa maji. Dalili nyingine ni shina la nyanya kuanza kutoa vijizizi juu ya udongo. Ukiona hivyo usiguse ndoo ya maji, chimba mfereji.

Jaribio la pili linaonyesha kitu hichohicho. Miche miwili ya nyanya kwenye vikopo, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa plastiki unaoonyesha, mmoja weka na matunda yanayoiva sana kama ndizi au tofaa, mwingine peke yake. Funga, weka mbali na jua kali. Kabla ya kufunga pima pembe kati ya shina na kikonyo kwa kipimapembe, kesho yake pima tena. Umewapa wote maji sawa, hakuna uliotuamiwa na maji, lakini mwenye matunda atainamisha majani kwa gesi peke yake. Hakuna somo la darasani lililonifundisha kama hili.

Ethilini kwa kuwa ni gesi ina tabia nyingine pia. Kwa kawaida inatoka mzizini inapotelea kwenye vitundu vya udongo, udongo ukishindiliwa vile vitundu vinaisha, gesi inajaa kuzunguka mzizi, mzizi unaacha kurefuka. Utafiti wa 2021 ulionyesha mizizi ya mpunga isiyosikia ethilini ilipenya udongo ulioshindiliwa vizuri kuliko ya kawaida, maana yake sio ugumu wa udongo tu unaozuia mzizi, mzizi unajizuia wenyewe kwa sababu ya ishara. Mi hiyo imenibadilisha kabisa namna ninavyotazama kupita pita kwenye matuta.

Na ule mfano wa mpunga nilioahidi. Mpunga ukizama wote kwenye maji ethilini inajaa ndani yake kwa sababu haina pa kutokea. Aina za maji marefu zina jeni SNORKEL1 na SNORKEL2, zilizoelezwa mwaka 2009, ethilini inaziwasha, jibereli inafanya kazi, shina linakimbilia juu hadi sentimita 25 kwa siku kutafuta hewa. Aina nyingine, FR13A kutoka Odisha huko India, ina jeni SUB1A, iliyotambuliwa mwaka 2006, nayo inawashwa na ethilini hiyohiyo, lakini inafanya kinyume, inaongeza breki za jibereli, mmea unatulia, unatunza sukari yake, unasubiri maji yapungue, na unaweza kuvumilia kuzama kama wiki mbili. Jeni hiyo wameihamishia kwa kuzalisha kwenye mpunga Swarna ukapatikana Swarna-Sub1. Ishara moja, zao moja, maamuzi mawili, na yote mawili ni sahihi: ya kwanza inafaa kwa maji yanayokaa miezi, ya pili kwa mafuriko yanayokuja na kuondoka. Ukichanganya umepoteza zao.

Breki za ukuaji, kwa kifupi

Hizo breki za jibereli zinaitwa DELLA. Jibereli ikishikwa na kipokezi GID1 (kilipatikana kwenye mpunga mwaka 2005), DELLA inakamatwa, inapelekwa kuvunjwavunjwa, mmea unarefuka. Kwenye stresi mmea mara nyingi unapunguza jibereli, DELLA zinajaa, ukuaji unapungua. Kwa hiyo mmea uliodumaa kwenye chumvi au baridi mara nyingi umejizuia wenyewe kwa makusudi. Ngano fupi za mapinduzi ya kijani zina DELLA ambayo haikamatiki vizuri, na mpunga IR8 wa 1966 ni mfupi kwa sababu unatengeneza jibereli pungufu, njia mbili tofauti za kufikia ufupi uleule. Oksini nayo ina mtindo wa kuvunja breki hivyohivyo, sitaingia huko leo.

Wadudu na magonjwa: angalia nani anamkandamiza nani

Kiwavi akitafuna jani, jasmoneti inapanda. Inasaidia kipokezi COI1 kukamata breki zinazoitwa JAZ (zilitambuliwa 2007), zinavunjwa, MYC2 (protini inayowasha jeni) anakuwa huru, jeni za ulinzi zinawaka. Na kama kwa ABA, MYC2 anaagiza JAZ mpya, ili ulinzi usiendelee milele, maana ulinzi ni gharama.

Vimelea vinavyoishi kwa kunyonya seli hai vinazuiwa zaidi na homoni nyingine, asidi ya salisiliki. Tatizo ni kwamba njia hizi mbili mara nyingi zinakandamizana, ukiwasha moja nyingine inapungua. Na kuna bakteria wamelijua hilo, Pseudomonas syringae anayeshambulia nyanya anatengeneza sumu ya koronatini, inafanana na jasmoneti kiasi kwamba COI1 inadanganyika, JAZ zinavunjwa, salisiliki inakandamizwa, na stomata zilizokuwa zimefunga kumzuia zinafunguka tena. Amepata ufunguo wa breki ya mtu mwingine.

Kwa hiyo ukiwa shambani andika kwenye daftari adui ni wa aina gani, anatafuna au ananyonya au ni ugonjwa, na kama mmea ulikuwa tayari kwenye ukame, kwa sababu ABA ikiwa juu nayo mara nyingi inapunguza upande wa salisiliki. Stresi zikija mbili kwa pamoja usizijumlishe kama namba. Joto linataka stomata zifunguke jani lipoe, ukame unataka zifunge, mmea uko kati unavutwa huku na huku, na majibu yake hayatafanana na ya joto peke yake wala ukame peke yake.

Kuitumia bila kununua homoni

Mi sishauri kuanza na kupulizia homoni za chupa, dozi ikikosewa kidogo au muda ukikosewa umeachia breki usiyoitaka. Kuna njia za kuuacha mmea ujiongoze wenyewe.

Miche kabla ya kupandikiza punguza maji taratibu kwa siku saba hadi kumi, usikate ghafla. Unaipa ABA kidogo kidogo, inajifunza kufunga stomata mapema, ikifika shambani hainyauki sana. Kuipitishia mkono au fimbo juu ya majani mara kadhaa kwa siku nako kunaifanya iwe mifupi na migumu, mguso unaitikiwa na jasmoneti pamoja na ethilini.

Kwenye miti ya matunda na mizabibu kuna kumwagilia upande mmoja, njia iliyokuzwa Australia miaka ya 1990. Upande mmoja wa mizizi unapata maji, mwingine unaachwa ukauke, mizizi mikavu inatuma ishara, stomata zinapunguza kufunguka, na huku mizizi yenye maji inaendelea kuulisha mti. Lazima ubadilishane pande, na hapa ndo wengi wanaharibu, kwa sababu upande ukikauka kupita kiasi maji hayapandi tena kutoka huko, na maji yasipopanda hayabebi ishara yoyote. Badilisha kabla udongo haujawa vumbi.

Na zile kunde za jaribio la kwanza usizitupe. Siku stomata nyingi zikishafunga, mwagilia vizuri jioni, kesho yake saa nne chukua alama tena, na keshokutwa tena. Jani litakuwa limesimama tayari siku ya kwanza, lakini hesabu stomata, kuna nafasi kubwa ukakuta nyingi bado hazijafunguka kama za viriba vilivyomwagiliwa muda wote, kwa sababu ABA bado inaendelea kuvunjwa. Andika zimechukua siku ngapi kurudi, halafu linganisha na zile ulizozikausha siku mbili zaidi.